Bure nayo ina nauli: niliyojifunza kwenye kliniki ya miguu kifundo

Mwanangu alizaliwa na mguu kifundo: miguu yote miwili imepinda, nyayo zikitazamana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Leo anakimbia, anapanda kila anapokatazwa kupanda, na soli za viatu vyake zinalika upande ule ule zinapolika za wenzake. Kati ya hapo na hapa kuna miaka ya kliniki ya hisani, mahogo (yaani plasta ngumu za kufungia mguu), viatu vilivyofungwa kwenye chuma, ndoo za maji na nauli. Nimeamua kuieleza kwa sababu tangu nianze kujitolea pale kliniki nimeona wazazi wengi wakiingia na furaha ya kuambiwa huduma ni bure, kisha wanapotea katikati. Wengi wao si wazembe. Hawakuambiwa mapema bure hiyo inaishia wapi na mfuko wao unaanzia wapi.

Muda mwingi hupotea siku za mwanzo. Mke wangu alipojifungua, mhudumu mmoja alitwambia miguu itajinyoosha yenyewe. Mwingine, kituo kingine, akasema tusubiri mtoto afikishe mwaka ndipo apasuliwe. Wote wawili waliongea kwa uhakika wa kutosha kumnyamazisha mzazi. Ndugu nao walikuwa na yao: mara mama alitazama kitu kibaya akiwa mjamzito, mara kuna mtu alimcheka mlemavu. Mke wangu aliyasikiliza yote hayo akiwa na mshono wa upasuaji tumboni, hajui alie kwa lipi. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira haikunisaidia kitu.

Mguu kifundo humpata takriban mtoto 1 katika kila 1,000 wanaozaliwa. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao hupata miguu yote miwili. Kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Wakati mwingine hufuata ukoo, lakini hakuna kitu alichokitazama mama kinachopindisha mguu wa mtoto. Kuutambua si kugumu. Mguu uliokaa vibaya tumboni tu unaweza kuurudisha sawa kwa vidole viwili, bila kutumia nguvu. Mguu kifundo hugoma: kisigino kimevutwa juu na kimeelekea ndani, unyayo umejikunja katikati, sehemu ya mbele imemgeukia mwenzake. Ukigoma hivyo, usisubiri mwaka wala miezi. Wiki za kwanza ndizo nzuri kwa kuwa kano za mtoto bado ni laini. Ila nimeona kwa macho yangu watoto waliokwishaanza kutembea wakianzishiwa matibabu na miguu ikanyooka, kwa hiyo aliyechelewa naye aende.

Aliyetuelekeza kliniki hakuwa daktari. Ni mama aliyelala kitanda cha jirani wodini, ambaye kifungua mimba wake alizaliwa vilevile. Alituambia kuna shirika la hisani linalogharamia mahogo, upasuaji mdogo na viatu, na kwamba tusikubali mtu yeyote apasue mguu mzima kabla ya kwenda huko. Mpaka leo namuombea.

Njia wanayotumia inaitwa Ponseti, kwa jina la Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa katika kisiwa cha Menorca, Hispania, mwaka 1914, akafanya kazi maisha yake mengi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Aliona watoto waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa miguu wakikua na nyayo ngumu zenye maumivu, akatafuta namna ya kuunyoosha mguu taratibu kwa mikono na plasta. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa wenzake wengi waliendelea kupasua. Kilichosaidia kuieneza njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 ni wazazi, waliokuwa wakiandikiana kwenye intaneti na kuonyeshana picha za watoto wao. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka, maana nasi tulipelekwa kliniki na mzazi. Nchi kama Malawi na Uganda zimeonyesha pia kwamba kazi hii haimhitaji daktari bingwa wa upasuaji kila hatua. Maafisa tabibu wa mifupa waliofundishwa vizuri wanaifanya, na inafanyika vizuri.

Kila wiki mguu hukandwa na kugeuzwa kidogo, kisha hufungwa hogo linalopanda kutoka vidoleni hadi kwenye paja, goti likiwa limekunjwa. Wiki inayofuata hogo hufunguliwa, mguu unageuzwa tena kidogo, unafungwa jipya. Kwa kawaida huwa mahogo matano hadi saba, wengine hupungua, wengine huzidi. Hogo fupi la chini ya goti halitoshi, kwa sababu huteleza na kuuacha mguu uzunguke ndani yake. Ukiona mtu anamfungia mtoto wako hogo la chini ya goti kwa mguu kifundo, uliza kwa upole alifundishwa wapi.

Pesa zilianza kutoka kabla hata hatujafika. Kliniki hufanyika siku moja kwa wiki, na kwetu ilikuwa safari ya kuamka usiku. Shirika lilirudisha nauli ya mzazi mmoja. Lakini mtoto wa wiki chache anayenyonya haendi popote bila mama, na mama mwenye mshono hawezi kupanda na kushuka magari akiwa na mtoto na mkoba. Tukawa tunakwenda wawili: mimi nilimbeba mtoto, mke wangu alijibeba mwenyewe na mshono wake. Nauli ya pili ilikuwa juu yetu. Juu yake weka siku yangu ya kibarua, maana anayelipwa kwa siku akikosa siku amekosa hela, na bosi wangu wa wakati ule alivumilia mara za mwanzo kisha akaniambia waziwazi kuwa kuna vijana wengi wanaotafuta nafasi yangu. Weka muda wa maongezi wa kupiga kliniki, weka mkopo wa shemeji, weka nguo, kwa sababu nguo zote tulizomnunulia mtoto hazikupita kwenye mahogo. Wiki ya tatu tulikuwa tunajadili, kwa sauti ya chini ili tusisikike, kama twende au turuke wiki moja.

Hatukuruka, na sababu ni afisa ustawi wa jamii pale kliniki, dada mmoja asiyecheka ovyo. Alituona tumekaa benchi la nyuma tunahesabu sarafu, akatuita. Kumbe kulikuwa na fungu dogo la nauli ya mzazi wa pili kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Kulikuwa pia na nyumba ya kulala wazazi wanaotoka mbali, ili wakati mwingine usafiri siku moja kabla na usilipie gari la usiku. Halikuwa limebandikwa mahali popote. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu kuwa wakitangaza, fungu linaisha ndani ya mwezi. Nilimwelewa na sikumwelewa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi mpya, siku ya kwanza kabisa, kabla mtoto hajavuliwa soksi: nenda kwa afisa ustawi wa jamii, mweleze unatoka wapi, unalipwaje, nani yuko nyumbani na watoto wengine. Uliza pia kama kuna kituo kidogo karibu nanyi kinachofanya kazi hiyo hiyo. Usisubiri mpaka ukwame, kwa sababu aliyekwama hana nauli ya kwenda kueleza kwamba amekwama.

Sasa maji. Ningeambiwa siku ya kwanza kwamba nusu ya habari ya miguu ya mwanangu itakuwa habari ya maji, ningecheka.

Bandeji ya plasta haishiki umbo ikiwa kavu. Ni lazima ichovywe kwenye maji. Hogo la zamani nalo hulowekwa ili lilegee na kufunguliwa, kisha mguu unaoshwa, maana ngozi iliyokaa wiki nzima ndani ya plasta ina uchafu wake. Kila mtoto ana beseni lake. Kukiwa na watoto thelathini, piga hesabu mwenyewe. Asubuhi moja tulifika tukakuta tangi la kliniki halina hata tone. Ukutani kulikuwa na mashine mpya yenye nembo ya mfadhili, inang'aa, na hakuna ndoo moja ya maji ya kulowekea plasta. Waliotoka karibu waliambiwa warudi kesho. Waliotoka mbali walianza kulia, na mmoja alisema hana kesho nyingine mfukoni. Mwishowe wazazi na mlinzi tulipanga foleni ya ndoo kutoka kisima cha majirani, na watoto wakafungwa hadi jioni. Hiyo siku ndiyo iliyonifanya baadaye nijiunge na wanaojitolea, maana nilihisi palikuwa na kazi ambayo hata asiyesoma udaktari anaiweza.

Hapo hapo kuna jambo la kiufundi ambalo wazazi hukosea kwa nia njema. Ili kumpunguzia mtoto muda wa kukaa kwenye beseni, wengine huloweka na kulivua hogo nyumbani jana yake jioni. Asubuhi mguu umeshaanza kurudi ulikotoka, na mtaalamu anaanza nyuma. Hogo livuliwe kliniki, au kama wenyewe wamekuruhusu kulianzia nyumbani, liwe la asubuhi ile ile.

Kisha likaja juma la kuharisha. Hali ya hewa ilikuwa ya joto na mama mkwe, aliyekuja kutusaidia, alikuwa akimpa mtoto maji kwa kijiko ili kupoza koo. Alifanya kwa mapenzi, na ndivyo alivyowalea wanawe wote. Lakini maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata kwenye joto kali, na mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji kingine. Yale maji ya ndoo yalimpeleka choo mfululizo. Sasa fikiria kuharisha kwa mtoto aliyefungwa plasta mpaka karibu na nepi. Choo kiliingia kwa juu ndani ya hogo, likalowa, likaanza kunuka, na ngozi ya paja ikachubuka. Kliniki ililazimika kuliondoa na kuuacha mguu wazi mpaka ngozi ipone. Wiki zilizopotea tulizilipia kwa nauli za ziada.

Kumwambia mama mkwe halikuwa jambo la mimi kulifanya. Mkwe hakosolewi juu ya malezi na mtu aliyemuolea binti yake. Nilichofanya ni kumwomba atusindikize kliniki, nikamwomba muuguzi mtu mzima azungumze naye. Walikaa pembeni wakaongea kama watu wa rika moja. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi mkali wa yale maji, hata mgeni akigusa kikombe anamuuliza amenawa. Kama una mama, shangazi au bibi anayesaidia kulea, mpeleke kliniki asikie kwa masikio yake. Maneno ukimletea wewe, atayasikia kama ubishi.

Kwa anayekutana na kuharisha: mama aendelee kunyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, ikorogwe kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, maji salama, na isiongezwe chumvi wala sukari. Pasipo na pakiti, kipimo cha nyumbani kinachofundishwa ni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita 1 ya maji salama. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita na 20 kwa mkubwa zaidi. Macho yakizama, mtoto akishindwa kunyonya, akilegea au ukiona damu chooni, acha kuchanganya chochote, nenda hospitali. Na ukiwa na mtoto mwenye hogo, weka kitambaa na plastiki laini kwenye ukingo wa juu, badilisha nepi mara kwa mara, na mguse vidole kila siku: viwe vya moto, na ukivibonyeza viwe vyeupe kisha rangi irudi. Vidole vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi, au vimezama ndani ya hogo, hiyo ni safari ya leo, usingoje siku ya kliniki.

Shirika hilo hilo lilikuja kuchimba kisima chenye pampu ya mkono karibu na tunapoishi, na hapo nilijifunza kwamba maji ya kisima na maji ya kikombe ni vitu viwili tofauti. Pampu ilitoa maji mazuri, yakapimwa. Njiani yalipita kwenye ndoo isiyo na mfuniko, nyumbani yakamiminwa kwenye chombo chenye mdomo mpana, na kila mwenye kiu akazamisha kikombe na vidole vyake. Watoto waliendelea kuharisha, na watu wakaanza kusema kisima ni kibaya. Kilichobadilisha hali kwetu ni chombo chenye mfuniko na koki chini, ambacho hakuna mkono unaoingia, pamoja na dawa ya klorini iliyopimwa na kuachwa nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, klorini inazidiwa. Yaache yatulie, uyachuje, ndipo uweke dawa. Kuchemsha nako kunafanya kazi, yatokote kabisa kwa dakika moja, ila kuni au mkaa ni gharama na ni vizuri kuihesabu badala ya kuhubiriana. Nao wanaotumia jua, chupa ya plastiki angavu iliyojaa maji yasiyo na tope hukaa juani saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu.

Pampu yenyewe iliharibika. Si kwa hujuma ya mtu, ni raba tu za ndani kuchakaa, kama zilivyotegemewa. Pampu aina ya Afridev iliundwa makusudi ili wanakijiji waifungue na kuitengeneza wenyewe, na kamati yetu ilifundishwa. Tatizo likawa hela ya raba. Siku ya uzinduzi palikuwa na hotuba, hema na utepe, na hakuna aliyetaka kuharibu sherehe kwa kuuliza kila kaya itachanga kiasi gani kwa mwezi na daftari litakaa kwa nani. Pampu ililala kwa muda mrefu kwa ajili ya kipuri ambacho gharama yake ni ndogo kuliko ile hema. Sasa daftari lipo, linakaa kwa mama mmoja ambaye hakopeshi mtu, na vipuri viwili viwili vimenunuliwa vimewekwa kabla ya kuhitajika.

Nirudi kwenye miguu. Baada ya mahogo kugeuza nyayo nje, kisigino mara nyingi hubaki kimevutwa juu, na kwa watoto walio wengi hukatwa kano ya kisigino. Neno "kukata" lilimtoa mke wangu chumbani. Ni tundu dogo, ganzi ya pale pale, dakika chache. Kisha hogo la mwisho hukaa wiki tatu, na kano hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi. Nililia mimi, mtoto alilala.

Hogo lilipotoka nikapiga picha nikawatumia watu wote ninaowajua. Miguu ilikuwa imenyooka! Tulipongezwa na kila mtu, na hatari kubwa kuliko zote ilianza siku hiyo.

Baada ya hogo la mwisho, mtoto huvaa viatu viwili vilivyofungwa kwenye chuma chenye upana wa mabega yake, nyayo zikitazama nje. Kwa miezi mitatu ya kwanza ni saa 23 kwa siku, saa moja ya kuoga tu. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, mpaka mtoto afikishe miaka minne au mitano. Ndiyo, miaka. Mguu kifundo unapenda kurudi, na sababu kuu inayojulikana ya kurudi ni kuacha viatu. Ninaamini kliniki nyingi hukosea hapa: hutumia nguvu zote kwenye mahogo, kisha humkabidhi mzazi viatu kwa maelezo ya dakika tano, siku ambayo mzazi anadhani amemaliza.

Usiku wa kwanza mtoto alilia mpaka majirani wakagonga. Wa pili vilevile. Watu wazima wa pande zote mbili walisema tunamtesa kiumbe, miguu si imeshanyooka? Mke wangu alinitazama, nami nilikuwa ninafikiria hivyo hivyo. Yaliyotusaidia ni mambo madogo. Kumvalisha kila mara kwa saa ile ile na kwa utaratibu ule ule, bila kuombana naye. Kumfundisha kucheza na chuma: unakishika katikati, unakunja na kunyoosha miguu yote miwili kwa pamoja, mpaka agundue kwamba haiwezi kwenda mmoja mmoja, na wengi wanaolia wanalilia hapo tu. Soksi za pamba zisizo na mkunjo. Kukaza mkanda wa katikati kwanza, ndio unaoshika kisigino chini, kisha kamba. Ukitaka kujua kama kisigino kimekaa, shika muundi uuvute juu na chini taratibu. Vidole vikienda mbele na nyuma ndani ya kiatu, kisigino kimepanda, funga upya. Malengelenge mara nyingi huletwa na kiatu kilicholegea, si kilichobana, kwa hiyo kulegeza kwa huruma ndiko kunakoumiza. Palipo pekundu usipake mafuta. Na chuma chenyewe kifunge kitambaa kinene, kwa usalama wa mtoto na wa pua ya mzazi anayelala naye.

Mama mmoja tuliyeanza naye aliacha viatu baada ya miezi michache. Mume alikuwa mbali, mawifi walimwambia inatosha, na viatu vilikuwa vimembana mtoto na hakuwa na nauli ya kwenda kubadilisha namba. Hakuna aliyempigia simu. Aliporudi, mtoto alikuwa anatembea kwa ukingo wa nje wa mguu. Alifungwa mahogo tena, na wataalamu walimweleza kwamba huko mbele huenda akahitaji upasuaji wa kuhamisha kano. Mtu mmoja pale mapokezi alimkaripia mbele ya wenzake. Nilitamani ardhi ipasuke kwa niaba yake. Mzazi aliyerudi ndiye wa kupokewa vizuri kuliko wote, maana ana kila sababu ya kutorudi. Dalili za kuangalia nyumbani: mtoto akishindwa kuchuchumaa visigino vikiwa chini, vidole vikianza kugeukia ndani, au soli ikilika upande wa nje.

Kwa hiyo kazi yangu ya kujitolea ni simu. Siku ya kliniki nakaa na orodha, na ambaye hakuja nampigia jioni. Siulizi kwa nini hukuja. Nauliza mtoto anaendeleaje, viatu vinamtosha, mmefikaje na nauli. Majibu huwa ni kibarua, msiba, mtoto mwingine anaumwa, gari. Mara chache sana ni kupuuza.

Nikiwa hapo nimeona na upande wa pili wa hisani. Viti vya magurudumu vililetwa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, vyote vya saizi moja. Mtoto mdogo alikaa kwenye kiti cha mtu mzima akiwa ameinamia upande, na baada ya muda akapata kidonda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti hivi mwaka 2008, na unaeleza wazi kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe, mlezi afundishwe na wafuatiliwe baadaye. Mfadhili akiniuliza siku hizi, namwambia alete viti vichache na fundi mmoja wa kuvirekebisha. Huwa hapendi, kwa sababu fundi hapigwi picha vizuri.

Picha nazo: mzazi aulizwe kwanza. Tulisainishwa fomu siku ya kwanza, pamoja na nyingine nyingi, tukiwa tunaogopa kwamba tukikataa mtoto hatahudumiwa. Baadaye niliuliza, wakakubali kutumia picha ya miguu tu bila uso wala jina. Huduma haikubadilika hata kidogo. Mzazi ana haki ya kusema hapana, na sasa fomu ya picha hutolewa peke yake, baada ya mtoto kufungwa hogo.

Mwanangu bado huonwa mara moja moja ili kupima kama miguu inabaki sawa. Viatu vya namba ndogo ndivyo vinavyokwisha stoo kila mara, kwa kuwa mtoto hukua akavibadilisha ndani ya miezi, na kuna wachanga wanaosubiri. Kama unayo jozi kabatini ambayo mwanao haimtoshi, ioshe, kaza skrubu za chuma, uirudishe kliniki wiki hii pamoja na funguo yake ya kurekebishia. Hiyo funguo ndogo ndiyo watu huipoteza.